Filamu ikiisha, usiwahi rimoti

Katika nyumba moja ya Makorora, jijini Tanga, kuna sheria ya Jumamosi usiku ambayo hata mtoto wa miaka sita anaijua: filamu ikiisha, hakuna anayeinuka mkekani. Runinga inazimwa, chai inamiminwa, na kila mmoja anasema neno lake kuhusu alichokiona.

Aliyeweka sheria hiyo ni baba wa watoto watatu, mfanyabiashara wa vipuri vya pikipiki mwenye umri unaokaribia miaka 50. Mtaani wanamwita Mzee wa Muvi, na jina hilo halimkeri. Anaweza kukutajia mwigizaji, mwongozaji na mahali muvi ilipopigwa kabla hujamaliza kumuuliza. Ana maoni juu ya kila tamthilia inayopita sebuleni kwake, na haoni haya kuyasema.

Ameomba jina lake lisitajwe, kwa sababu sehemu ya habari hii ni ya shemeji yake, mdogo wa mkewe. Shemeji huyo amekubali isimuliwe kwa sharti hilo hilo.

Alianzia kwenye banda la video

Mapenzi yake kwa filamu yalianza kama kazi. Mwaka 1998, akiwa kijana, alifungua banda la video: kuta za mabati, mabenchi ya mbao, runinga moja, deki moja na kanda za kukodi. Kiingilio kilikuwa shilingi 100 kwa mkubwa na 50 kwa mtoto. Watu walibanana humo hadi shati likalowa jasho. Si bure mabanda ya aina hiyo yaliitwa vibanda umiza.

Muvi nyingi zilikuwa za Kimarekani, Kichina na Kihindi, na wateja wengi hawakuelewa lugha. Ndipo alipojifunza kutafsiri huku muvi ikiendelea, akiwaiga watafsiri waliovuma wakati huo. Aliyemhusudu zaidi ni Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ambaye sauti yake ya Kiswahili juu ya filamu za kigeni ilisambaa kwenye kanda.

"Nilikuwa nawaambia adui anasema nini, na pale nisipoelewa nilitunga," anakiri huku akicheka.

Lipo jambo moja la banda lile ambalo halimchekeshi. Watoto wa miaka saba na minane waliingia kwa shilingi 50 zao, na yeye aliwapokea. Waliona watu wakichinjwa na wanawake wakidhalilishwa, kisha wakarudi nyumbani peke yao usiku bila mtu wa kuwauliza wameona nini. Anasema siku mtoto wake wa kwanza alipozaliwa ndipo alipoanza kuwakumbuka watoto wale.

Banda lilifungwa miaka mingi iliyopita, baada ya king'amuzi na flash kumaliza soko lake. Sheria ya mkekani imetokana na yale aliyoyaona humo.

Anachokipenda, anachokikataa

Muulize kuhusu filamu za Kibongo, jiandae kukaa. Anamheshimu Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 7, 2012, na anamsifu hasa kwa Uncle JJ, muvi aliyoigiza pamoja na watoto. Kwa maoni yake, mwigizaji mkubwa hujulikana anapokubali mtoto amzidi kwenye picha.

Anachokikataa ni muvi moja kukatwa vipande viwili ili inunuliwe mara mbili, na gari kuoneshwa likisubiri geti lifunguliwe, likiingia, likiegeshwa na mlango ukifungwa, wakati hadithi imesimama. "Ukitoa mageti yote, muvi nyingine ingeisha kabla wali haujaiva," anasema.

Kwa upande wa vichekesho, mfalme wake ni Amri Athumani, yaani Mzee Majuto, mwana wa Tanga aliyefariki Agosti 8, 2018. Nyumbani kwake muvi za Majuto ndizo pekee zisizojadiliwa. Watu wanacheka, wanakwenda kulala.

Mama yake mzazi, ambaye watoto wanamwita bibi, ana upande wake. Yeye ni wa Raj Kapoor. Aliiona Awara, filamu ya Kihindi ya mwaka 1951, ilipokuwa bado inarudiwa kwenye majumba ya sinema ya pwani, na mpaka leo anaamini hakuna kijana aliyewahi kupendeza kwenye kioo kama yule. Mwanawe akianza kusifu muvi za kupigana, bibi humwambia kwamba kupiga ngumi hata mlevi anaweza.

Mkewe, fundi cherehani, anapenda tamthilia. Alikua na Isidingo ya Afrika Kusini kwenye ITV, na sasa anafuatilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili. Mumewe alizibeza kwa muda mrefu, akisema ni majumba makubwa na machozi tu.

Kilichomfanya apunguze maneno ni tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou na mama wakwe zake, iliyotiwa Kiswahili na kuoneshwa TBC mwaka 2011. Ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping wa China aliitaja katika hotuba yake jijini Dar es Salaam Machi 2013. Wakati huo mkewe na bibi walikuwa hawaivi chungu kimoja. Jioni moja aliwakuta wameketi kochi moja, wanacheka mahali pamoja, kila mmoja akimwonyesha mwenzake kidole kwenye runinga: "Huyo ni wewe!"

"Mimi nilikuwa nimesuluhisha mwaka mzima nikashindwa," anasema. "Mchina akaweza."

Kwa watoto wadogo, anaipa alama za juu Ubongo Kids, katuni ya hisabati na sayansi inayotengenezwa Dar es Salaam, iliyoanza kurushwa Januari 2014. Binti yake wa mwisho amekua na Akili and Me, ya kundi hilo hilo, yenye mtoto wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Onyo lake kwa wazazi ni moja: mtoto akiachwa peke yake na katuni hushika wimbo na kuacha hesabu. Yeye humchukua binti sokoni, akamwambia ahesabu mafungu ya dagaa kama Akili alivyohesabu.

Siku stelingi alipokufa

Watoto wa mabanda ya video walikuwa na imani moja: stelingi hafi. Risasi zitamkosa, gari litalipuka ameshatoka, na adui atakufa mwisho.

Imani hiyo ilivunjika nyumbani kwake usiku walipotazama Supa Modo, filamu ya Kenya ya mwaka 2018 iliyoongozwa na Likarion Wainaina. Ni habari ya Jo, binti wa miaka tisa mwenye ugonjwa usiopona, anayeota kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu. Mama yake anataka abaki kitandani apumzike. Dada yake anaona siku chache zilizobaki zisiishie kwenye shuka. Mwishowe kijiji kizima kinaungana kumtengenezea filamu ambayo yeye ndiye stelingi.

Runinga ilipozimwa, mtoto wake wa kiume, wakati huo ana miaka minane, aliuliza kwa hasira kwa nini muvi imeruhusu mtoto afe. Baba alitaka kumjibu kwamba ni maigizo tu. Bibi akamtangulia. Alimwambia mjukuu wake kwamba babake alikuwa na dada aliyefariki akiwa na miaka sita, jina ambalo lilikuwa halijatajwa ndani ya nyumba hiyo kwa zaidi ya miaka 30.

Usiku huo baba mwenyewe alisikia kwa mara ya kwanza kilichomuua dada yake. Anaiweka Supa Modo ya pili katika filamu zake zote. Ya kwanza ni Neria.

Usiku wa Neria

Neria ni filamu ya Zimbabwe ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, iliyotokana na hadithi ya mwandishi Tsitsi Dangarembga na kuongozwa na Godwin Mawuru. Neria na mumewe, Patrick, wamejenga maisha yao Harare kwa jasho la wote wawili. Patrick anafariki ghafla katika ajali. Phineas, nduguye marehemu, anaingia kwa jina la mila na kuanza kubeba: vyombo, fedha, nyumba, mwisho hata watoto. Rafiki wa Neria anamsukuma atafute mwanasheria, na shauri linafika mahakamani. Mwanamuziki Oliver Mtukudzi ndiye aliyeigiza kaka yake Neria, na wimbo wake wa filamu hiyo ulivuka mipaka ya Zimbabwe.

Mzee wa Muvi aliichagua mwaka jana kwa sababu ya uigizaji wa Jesesi Mungoshi, mwenye nafasi ya Neria, na kwa sababu alitaka kumtafsiria bibi Kiingereza kama zamani za bandani. Hakufikiria zaidi ya hapo.

Shemeji yake alikuwa sebuleni. Amekaa nyumbani hapo tangu mwaka 2019, alipofika na mabegi mawili na mtoto mgongoni, miezi mitatu baada ya kumzika mumewe. Watoto waliambiwa mama mdogo amekuja kupumzika. Mapumziko yakawa miaka, na hakuna aliyeuliza.

Phineas alipoanza kutoa vitu ndani ya nyumba ya marehemu, mama mdogo aliinuka akaenda jikoni. Baba alinyoosha mkono kutaka kuzima. Bibi akamkataza: "Iache iendelee. Anasikia huko aliko."

Kabla filamu haijaisha alirudi na birika la chai, akaketi karibu na mlango. Aliona mahakama hadi mwisho.

Zamu ya maneno ilipofika, kijana alisema Phineas ni mwizi na hakuelewa kwa nini hawakumpeleka polisi siku ya kwanza. Aliyemjibu hakuwa baba.

"Kwa sababu hakuja usiku na panga," alisema mama mdogo. "Alikuja mchana, amevaa koti la msibani, na sisi wenyewe tukampa kiti."

Kisha akasimulia, taratibu, huku anamimina chai. Nyumba ya vyumba vitatu ambayo matofali yake mengine aliyanunua kwa fedha za maandazi. Friji. Cherehani aliyopewa na dada yake. Siku ya arobaini aliambiwa achague: akubali kubaki chini ya ndugu wa mume, au aondoke. Aliulizwa kama ana karatasi yoyote yenye jina lake. Hakuwa nayo hata moja.

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Ndipo binti mkubwa, mwenye miaka 14, akamgeukia baba yake.

"Na sisi je, baba? Kile kiwanja cha Pongwe kina jina la nani?"

Bahasha mbili

Kiwanja kilikuwa na jina la baba peke yake. Karibu nusu ya fedha zilitoka kwenye kikoba cha mkewe, lakini siku ya mauziano mke alikuwa dukani akishona sare za shule, na muuzaji alikuwa na haraka.

Baba anasema alianza kujitetea. Alisema yeye si kama watu wale, na ndugu zake si kina Phineas. Hapo mama yake mzazi, mwenye kuwazaa ndugu hao wote, akamkatisha: "Wanangu nawajua. Ndiyo maana nakwambia uandike."

Wiki iliyofuata alikwenda kwa shehe wa msikiti wa mtaani kuuliza mirathi inavyogawanywa. Jibu lilimshangaza kwa urahisi wake. Kabla ya kugawa, aliambiwa, lazima ijulikane nini ni cha marehemu na nini si chake. Mali ya mke haiingii kwenye mirathi ya mume. Lakini kama hakuna maandishi wala shahidi, nani atasema lipi ni la nani?

Kwa msaada wa wakili, na mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mume na mke waliandikishana upya umiliki wa kiwanja kwa majina mawili. Wakaandika orodha: cherehani mbili ni za mke, duka la vipuri ni la mume, nyumba wanayoishi ni ya bibi. Madeni nayo yakaandikwa, ya kudai na ya kudaiwa. Nakala moja iko kwenye bahasha kwa mke, nyingine ipo nje ya nyumba, kwa mtu wanayemwamini wote wawili.

Wanaotaka kwenda mbele zaidi wanaweza kuandika wosia. Nchini Tanzania, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, hutoa huduma ya kuandika na kuhifadhi wosia, na mtu anaweza kuubadilisha wakati wa uhai wake. Kwa familia za Kiislamu, wosia hauzidi theluthi ya mali. Kinachobaki hufuata mafungu ya warithi, ndiyo maana ni vyema kumshirikisha mjuzi wa mirathi mapema.

Mama mdogo naye alikwenda kwenye ofisi ya msaada wa kisheria akiwa na cheti cha ndoa na cheti cha kifo. Shauri lake halijaisha, na hakuna aliyemwahidi ushindi. Amepewa tarehe ya kurudi. Anasema kwa miaka yote hiyo alidhani muda wa kusema umeshapita.

Mke naye ana lake

Si kila mtu nyumbani humo anakubaliana na Mzee wa Muvi kwa kila kitu. Mkewe anasema mumewe akiachiwa atageuza kila muvi kuwa mtihani wa taifa. Kuna Jumamosi watoto wamechoka, yeye amechoka, na wanachohitaji ni kucheka na kulala. Alimwekea mpaka: maswali mawili tu, na mtoto akisema hana la kusema, aachwe.

Pia alimkumbusha kwamba kumuuliza mtoto "umejifunza nini?" ni kumfunga mdomo, kwa kuwa atatafuta jibu la kumfurahisha mzazi. Swali lake yeye ni jepesi zaidi: "Nani umemwonea huruma?" Mtoto wa miaka sita aliwahi kujibu kwamba amemwonea huruma adui, kwa sababu hakuwa na rafiki hata mmoja.

Kwa mzazi anayetaka kujaribu, mambo wanayoyafuata nyumbani kwao ni haya:

• Tazama muvi mwenyewe kwanza, au angalau dakika 20 za mwanzo. Bodi ya Filamu hupanga filamu kwa madaraja ya umri. Lisome daraja hilo kabla ya kubonyeza.

• Chagueni kwa zamu. Wiki ya bibi ni ya bibi, hata kama ni Awara kwa mara ya saba. Mtoto aliyevumilia chaguo la mwenzake atavumiliwa na lake.

• Lugha isiwe kizuizi. Mwenye kuelewa amtafsirie asiyeelewa, hata kwa kuruka maneno.

• Simu zikae pamoja mahali pamoja, ya baba ikiwa ya kwanza.

• Filamu ikimgusa mtu mpaka akainuka, msimfuate na maswali. Mwachieni nafasi yake mkekani.

• Linapoulizwa swali usiloweza kulijibu, liandike. Litakuwa na jibu siku nyingine, na mtoto ataona kuwa hukulipuuza.

Jumamosi iliyopita zamu ilikuwa ya mama mdogo, ya kwanza tangu ahamie nyumba hiyo. Watoto walitegemea atachagua kitu cha huzuni. Alichagua Mzee Majuto. Walicheka mpaka bibi akaomba maji, na baba alipofungua mdomo kutaka kueleza kwa nini Majuto alikuwa fundi wa uso, watoto wote watatu walimnyamazisha.

Majuto hajadiliwi. Sheria ni yake mwenyewe, na ilibidi aifuate.